Tiba ya Sonona Haisubiri Daktari Bingwa

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni aliyeiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950. Humo alidai kwamba sonona ni nadra mno kwa Mwafrika, kwa kuwa Mwafrika, kwa maoni yake, hajioni kuwa na wajibu na hatia kwa uzito ule unaomzamisha Mzungu katika huzuni. Ushahidi wake ulikuwa orodha ya waliolazwa Mathari. Lakini zama hizo nani alipelekwa Mathari? Alipelekwa aliyevua nguo sokoni, aliyechoma nyumba, aliyempiga chifu. Mama aliyekaa jikoni miezi sita, hali, halali, hasemi, hakumsumbua mtu yeyote mwenye mamlaka. Hakuna aliyemfunga kamba kumpeleka Nairobi, na hakuingia kwenye hesabu. Katika miaka ya 1970 madaktari John Orley na John Wing walifanya jambo ambalo Carothers hakulifanya. Walikwenda vijijini Uganda, wakawafuata watu walipo, wakawahoji kwa utaratibu ule ule uliokuwa ukitumika kwa wakazi wa Camberwell, kusini mwa London. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1979 yalionyesha kwamba sonona ilikuwa imeenea zaidi katika vijiji vile vya Uganda kuliko Camberwell.

Namtaja Carothers kwa sababu kauli yake haijafa, imebadilisha wasemaji tu. Leo tunaisikia vinywani mwetu wenyewe: sonona ni ugonjwa wa Wazungu, ni mambo ya waliosoma, bibi zetu hawakuwa nayo. Anayesema hivyo huamini kuwa anatetea jadi yake, kumbe anarudia maneno ya ofisa wa kikoloni aliyetuona kuwa watu wasio na kina cha kutosha kuumia. Na kauli hiyo imezaa nyingine yenye sura ya kitaalamu: kwamba ugonjwa upo kweli, ila hatuwezi kuutibu mpaka siku tutakapokuwa na madaktari bingwa wa kutosha. Hoja yangu ni kwamba zote mbili si kweli, na hiyo ya pili ndiyo inayotugharimu zaidi siku hizi. Sonona, au unyogovu kama wengi nchini Kenya waiitavyo, inatibika. Maradhi ya wasiwasi yanatibika. Sehemu kubwa ya tiba hiyo inaweza kutolewa na watu wa kawaida waliofundishwa na wanaosimamiwa. Na baadhi ya ushahidi mzito kabisa wa jambo hilo umetoka Afrika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 280 duniani walikuwa na sonona na milioni 301 walikuwa na maradhi ya wasiwasi, na kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya robo tatu ya wenye maradhi ya akili hawapati tiba yoyote. Kusubiri madaktari bingwa maana yake ni kuwaambia watu hao wasubiri mpaka wafe.

Tatizo la kwanza ni kwamba tunapishana na ugonjwa huu mlangoni bila kuutambua. Mgonjwa wa sonona wa kwetu haji zahanati akisema ana huzuni. Anasema kichwa kinamgonga, mwili hauna nguvu, tumbo linawaka moto, usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi mpaka kunakucha. Anapimwa malaria, halafu taifodi, halafu anaambiwa huenda ni vidonda vya tumbo. Anaondoka na dawa za maumivu, na mwezi ujao yuko tena kwenye foleni. Hadanganyi, maumivu yake ni ya kweli, kwa maana sonona huugusa mwili wote. Wataalamu huiita sonona pale dalili zinapodumu kwa angalau wiki mbili, karibu kila siku, na mojawapo ikiwa ama huzuni isiyobanduka ama kupotewa na hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu. Hiyo ya pili ndiyo wengi hawaijui. Mzee anayeacha kufika barazani kwenye kahawa, mama anayeacha kwaya au mkutano wa kikoba huku akisema amechoka tu, huenda hajalia hata siku moja na bado ni mgonjwa. Dalili nyingine ni kula na kulala kuliko kawaida au kukosa vyote viwili, uchovu, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, mwili kuwa mzito au kutotulia, kujiona hafai, na kuwaza kifo. Ipo fomu ya maswali tisa inayouliza mambo hayo hayo. Imekwisha tafsiriwa kwa Kiswahili, na muuguzi humaliza kumuuliza mtu kwa dakika chache. Aliyefiwa juzi naye atajibu ndiyo kwa mengi ya maswali hayo, na huyo si lazima awe mgonjwa. Anahitaji matanga, watu na muda. Ndiyo maana fomu peke yake haitoshi, lazima awepo mtu wa kuuliza kilichotokea.

Wasiwasi ni ndugu wa sonona, na mara nyingi mtu mmoja huwa navyo vyote. Hofu yenyewe si ugonjwa. Bila hofu tusingevuka barabara salama. Inakuwa ugonjwa pale mwili unapoitikia hatari isiyokuwepo, tena na tena, hadi maisha yanaanza kupungua. Abiria yuko ndani ya daladala, ghafla moyo unaanza kwenda mbio, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, jasho linamtoka, anaamini anakata roho. Hali hiyo hufika kileleni kwa dakika chache, kisha hushuka yenyewe. Anakimbizwa hospitali, moyo unapimwa, anaambiwa hana kitu. Kuanzia hapo hapandi tena daladala. Halafu haendi sokoni, halafu anakaa mlangoni kabisa mwa kanisa au msikiti ili awahi kutoka. Kila anapokwepa anapata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayoulisha ugonjwa, kwa sababu hapati kamwe nafasi ya kuona kwamba asingekufa. Tiba yake bora imejengwa juu ya ukweli huo: kurudi kidogo kidogo pale anapopaogopa, kituo kimoja cha daladala leo, viwili keshokutwa, akikaa na hofu yake mpaka ishuke bila kukimbia. Kinyume cha tiba hiyo ni vidonge vya diazepamu anavyopenyezewa dukani bila cheti. Vinatuliza ndani ya saa moja, lakini vikitumiwa kwa wiki kadhaa mwili huvizoea na kuvidai, na hofu iko pale pale.

Ugonjwa huu unatoka wapi? Jibu la kweli ni kwamba hautoki mahali pamoja. Kurithi kuna sehemu yake. Kuna familia ambamo sonona hujirudia kizazi hadi kizazi. Lakini utafiti ulionifundisha mengi kuliko mwingine ni ule wa George Brown na Tirril Harris, uliotoka mwaka 1978, waliowafuata wanawake wa Camberwell, mtaa ule ule niliokwisha kuutaja. Waliona kwamba karibu kila mara kabla ya sonona kulikuwa na pigo kubwa la kupoteza kitu au mtu, au dhiki iliyodumu muda mrefu. Hata hivyo wengi walipata mapigo kama hayo wasiugue. Waliougua kwa urahisi zaidi walikuwa wanawake wasio na kazi, wenye watoto watatu au zaidi chini ya miaka 14 nyumbani, waliofiwa na mama zao wakiwa wadogo, na zaidi ya yote, wasio na mtu wa karibu wa kumweleza ya moyoni. Basi mtu wa kusema naye si pambo la maisha, ni kinga inayopimika. Kuhusu ubongo, tuwe wakweli pia. Kwa miaka mingi watu wameambiwa kuwa sonona ni upungufu wa kemikali iitwayo serotonini. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 na Joanna Moncrieff na wenzake hayakupata ushahidi thabiti wa dai hilo. Wapo waliorukia hapo kusema dawa basi ni utapeli. Hilo halifuati. Panadoli hutuliza kichwa, na hakuna aliyeumwa kichwa kwa kupungukiwa Panadoli.

Dawa zenyewe ziligunduliwa kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali moja ya kifua kikuu jijini New York, madaktari waliokuwa wakijaribu dawa ya iproniazidi waliona wagonjwa wao wamechangamka kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wenye mapafu mabovu. Kutoka hapo zikaja nyingine, hadi tulizonazo leo kama amitriptilini na fluoksetini, ambazo hazina hakimiliki tena, ni za bei nafuu na zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walikusanya majaribio 522 yenye washiriki zaidi ya 116,000, wakapima dawa 21. Zote zilishinda kidonge kitupu, ingawa kwa wastani tofauti haikuwa kubwa. Kinachoziharibia jina huku kwetu ni matumizi. Dawa hizi hazifanyi kazi kesho yake. Huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi, wakati maudhi kama kichefuchefu au kusinzia huanza siku ya kwanza. Mgonjwa ambaye hakuelezwa hivyo huacha siku ya tano, akiamini zimemzidishia. Mwingine hupata nafuu mwezi wa pili, akaacha ghafla, ugonjwa ukarudi. Inatakiwa kuendelea kwa miezi tisa hivi hata baada ya kupona, kisha kupunguza polepole chini ya uangalizi. Na aliyewahi kupatwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, kutolala na kutumia pesa ovyo, lazima amwambie daktari, kwani dawa hizi zinaweza kumrusha tena huko.

Nimeipitia dawa kwa kifupi kwa sababu si hapo penye mvutano mkubwa. Mvutano uko kwenye tiba ya mazungumzo, ambayo wengi huiona ni anasa ya wenye kochi la ngozi na saa moja ya kulipia. Mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai kusini mwa Uganda, eneo ambalo UKIMWI ulikuwa umezika sehemu kubwa ya kizazi kizima, watafiti walichagua vijiji 30. Wakawafundisha wakazi wa maeneo hayo hayo, waliosoma sekondari lakini si wauguzi wala madaktari, kwa wiki mbili tu. Kila mmoja akaongoza kikundi cha watu wenye dalili za sonona, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, kila wiki kwa saa moja na nusu, wiki 16. Hawakuchambua ndoto. Walizungumzia kufiwa, mabadiliko ya maisha kama vile kugundulika na UKIMWI, au mume kuamua kuoa mke mwingine, na ugomvi, wa mipaka ya shamba na majirani, au wa mke anayekataa kulala bila kinga na mume mwenye virusi. Kabla ya vikundi, zaidi ya asilimia 80 ya washiriki, katika vijiji vilivyopewa tiba na visivyopewa, walikuwa na sonona kamili. Vikundi vilipokwisha, waliobaki nayo walikuwa asilimia 6.5 katika vijiji vya tiba, na asilimia 54.7 katika vile vingine. Miezi sita baadaye walipopimwa tena, nafuu ilikuwa haijapotea.

Mfano wa pili unatoka Harare. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda ameeleza hadharani mara nyingi jinsi alivyompoteza mgonjwa kijana aliyejiua. Familia yake ilishindwa kumrudisha kliniki kwa kukosa nauli ya basi, karibu dola 15. Akaona kwamba hospitali kubwa haiwezi kuwa mahali pa kwanza pa tiba. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare, alipewa wahudumu wa afya wa kujitolea 14, wote kinamama wa makamo na mabibi, na hakupewa chumba. Wakakaa nje kwenye benchi. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Mabibi wenyewe wakamwambia abadilishe jina, likawa Benchi la Urafiki. Mgonjwa huulizwa maswali 14 na muuguzi, akionekana ana dalili nyingi anaelekezwa kwenye benchi. Bibi anamwacha aseme yote. Kisha wanaorodhesha matatizo yake pamoja, na mgonjwa mwenyewe anachagua moja, hata kama si kubwa kuliko yote. Wanatafuta njia za kulikabili, wanachagua njia moja inayowezekana wiki hii, wanapanga nani afanye nini na siku gani. Juma linalofuata anarudi kueleza ilikuwaje. Akishindwa, wanatafuta njia nyingine. Mikutano ni sita, na baada yake kuna kikundi cha waliopitia benchi, ambako watu hufuma mikoba ya mabaki ya plastiki huku wakizungumza. Jaribio la wagonjwa 573 katika kliniki 24, lililochapishwa mwaka 2016, liliwalinganisha waliokaa na mabibi na wale waliopewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa, yaani muuguzi, ushauri mfupi na dawa ikihitajika. Baada ya miezi sita, asilimia 13.7 ya waliopita kwenye benchi walikuwa bado na dalili za sonona, dhidi ya asilimia 49.9 ya wale wengine. Mabenchi hayo sasa yamefika Malawi na Zanzibar.

Hapo msomaji atauliza: kuna kipya gani? Si ndicho walichokuwa wakifanya shangazi zetu, kungwi na somo, wazee wa baraza? Sehemu ni kweli, na ndiyo sababu mafunzo hayo hushika haraka. Lakini tusijidanganye kwamba mazungumzo yoyote ni tiba. Sikiliza kinachosemwa kwenye mazungumzo yetu ya kawaida na mtu aliyeelemewa. Anaanza sentensi yake, kabla hajaimaliza anaambiwa pole, vumilia, jikaze, wenzako wana makubwa kuliko hayo. Au anapewa amri: mwache huyo mwanamume, rudi kwenu, achana na hiyo kazi. Msemaji ana nia njema na amekwisha kufunga mlango. Bibi wa Harare hufundishwa hasa kutofanya hivyo: asimpangie mtu maisha, asilinganishe mateso, asikimbilie suluhisho. Na kuna jambo la pili lisilofanywa na shangazi, nalo ni ule mpango mdogo na kurudi kuukagua. Sonona humfanya mtu aache kutenda, kutotenda kukamwongezea ushahidi kwamba hafai, akazidi kuacha. Kazi moja ndogo iliyotimizwa, barua iliyoandikwa, deni lililozungumzwa, nguo zilizofuliwa, hukata mzunguko huo mahali. Wapo pia walioketi vikundini wasipate mengi. Jijini Dar es Salaam, wajawazito wenye VVU waliopewa mikutano sita ya ushauri wa kikundi walipata nafuu ndogo tu, wengi wao wakabaki na sonona. Idadi ya mikutano, ubora wa mafunzo na uzito wa mzigo wa mtu vyote vina maana.

Pingamizi zito kuliko yote ni umaskini. Huyu mtu, watasema, hana sonona, hana pesa. Mpe pesa atapona. Nalichukulia kwa uzito, maana liko utafitini. Katika vijiji vya Kenya, Johannes Haushofer na wenzake waligawa kwa bahati nasibu kaya maelfu: baadhi zilipewa fedha taslimu, baadhi mikutano mitano ya tiba ya mazungumzo inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mwaka mmoja baadaye waliopewa fedha walikuwa na hali bora ya maisha na ya moyo, wakati tiba ile haikuacha alama yoyote. Ukiishia hapo, kesi imekwisha. Lakini waliopewa tiba katika utafiti ule hawakuchaguliwa kwa sababu ni wagonjwa; walikuwa wanakijiji kwa ujumla, wazima na wagonjwa pamoja, na tiba ya ugonjwa haimfanyi mzima awe mzima zaidi. Tiba hiyo hiyo ya mikutano mitano, ilipotolewa na wahudumu wa afya wa jamii kwa wanawake wa pembezoni mwa Nairobi walioteswa kijinsia na waliokwisha onekana kuelemewa, iliwapunguzia dhiki yao. Na watu wa Rakai hawakupewa hata senti moja, walibaki maskini na bado wakapona. Zaidi ya hayo, umaskini na sonona hupeana mkono. Vijijini Pakistani, akina mama wenye sonona ya uzazi walitibiwa na wahudumu wa afya wanawake wa vijijini. Walipofuatiliwa miaka saba baadaye, walikuwa bado na hali nzuri zaidi ya akili na sauti kubwa zaidi katika matumizi ya pesa za nyumbani. Sioni sababu ya kuchagua kati ya fedha na tiba. Ninachokataa ni kumwambia mgonjwa asubiri nchi itajirike kwanza.

Wengine watasema dawa ni dua na sala. Sina ugomvi na dua, wala na kisomo, wala na kikundi cha maombi kinachomfuata mtu nyumbani kila Alhamisi asipoonekana. Watu hao humpa aliyejifungia ndani kile ambacho Brown na Harris walikiona kinawakinga wanawake wa Camberwell. Ugomvi wangu ni na yule anayemwambia mgonjwa kwamba anaugua kwa kupungukiwa imani. Mtu ambaye ugonjwa wenyewe unamnong'oneza usiku kucha kuwa hafai, anaongezewa hukumu kutoka mbinguni. Na si dini iliyofundisha hivyo. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni Mwislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, akitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na huzuni isiyo na sababu ya wazi ambayo aliihusisha na mwili. Kila moja aliipangia matibabu yake, na akashauri mtu ajiwekee akiba ya fikra za kumtuliza akiwa bado mzima. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kliniki zetu, na mwandishi hakuona kwamba kutibu nafsi kunapingana na kuswali.

Kuna wanaohofia jambo jingine, na hofu yao ni ya haki: mtu aliyefundishwa wiki mbili akikutana na mgonjwa mahututi itakuwaje? Jibu ni kwamba hapaswi kumtibu, anapaswa kumtambua. Anayesikia sauti zisizosikika kwa wengine, asiyekula kabisa, mama aliyejifungua juzi na anawaza kumdhuru mtoto, mwenye nia ya kujiua: hawa ni wa daktari, siku hiyo hiyo. Bila mlango wa rufaa, benchi ni hatari. Na hapa pana neno moja ambalo kila mtu anaweza kulitumia hata leo. Ukimwogopea mtu, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Tafiti hazijaonyesha kwamba swali hilo humtia mtu wazo. Wengi hupumua kwa kuwa hatimaye kuna aliyeuliza. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa karibu naye kitu cha kujidhuru, na umfikishe hospitali. Kinachowazuia wengi kusema ndiyo ni sheria. Kanuni za adhabu tulizoachiwa na ukoloni zilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na Tanzania na Uganda bado zina kifungu cha namna hiyo. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 kilichokuwa kikifanya hivyo kinakwenda kinyume na katiba. Kumpeleka mgonjwa mahabusu ni kumfundisha jirani yake anyamaze.

Basi kama mafundi wa tiba hii wako miongoni mwetu, kwa nini haijaenea? Kwa sababu tunapenda nusu ya habari. Tunasimulia mabibi wa Harare kana kwamba wema wao ndio uliotibu, tukisahau kwamba nyuma yao kulikuwa na mafunzo, mwongozo ulioandikwa, wasimamizi waliokutana nao mara kwa mara, na daktari wa kuwapokelea waliozidiwa. Wema usiosimamiwa huchoka. Anayesikiliza habari za ubakaji na vifo juma baada ya juma bila mtu wa kumsikiliza yeye, ataugua au ataacha. Kenya mwaka 2023 iliwatuma wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 nyumba kwa nyumba, kila mmoja na mfuko wenye kipimajoto, mashine ya presha na kipima sukari, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Tanzania ilizindua mpango wake wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii mwaka 2024. Watu hawa wanaingia vyumbani ambamo daktari bingwa hataingia maisha yake yote. Karatasi ya maswali tisa inaenea ndani ya mfuko ule. Kinachopaswa kuongezwa ni wiki kadhaa za mafunzo, dozi za fluoksetini zisizokatika kwenye kituo cha afya, muuguzi mmoja kwa kila kituo anayekaa nao kila juma kupitia kesi ngumu, na fungu la kumlipa muuguzi huyo lililoandikwa kwenye bajeti ya kaunti na ya halmashauri, si kwenye mradi wa mfadhili unaokwisha baada ya miaka mitatu.